Karafuu Katikati ya Nyota za Bi Mize

Gando, Wete
Pemba

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote nataka kujua goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua bado unaipaka au umeshaiweka kando kama kawaida yako. Mama Mdogo anayekusomea, namwomba asome polepole, asirukeruke. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Rukia ameota meno mawili na kila akionacho anataka kukiuma. Usiku halali, Mama. Mchana nafanya kazi nimempakata, na mara nyingine nasinzia hapo hapo mpaka Kaka Hamadi, mwenye duka la kuchapisha hapa Wete, anagonga meza: "Dada Zaina, kompyuta imewaka, weye umezimika!"

Uliponiuliza kwenye simu kama mama mkwe bado ananisumbua, nilikujibu kwa mkato kwa sababu alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Leo nakujibu vizuri.

Unajua mama mkwe wangu Bi Mize hushona kofia. Nyota zake za pembe nane, safu mbili kuzunguka kofia nzima, alizirithi kwa mamake, na hapa Gando hakuna mwingine anayezishona. Kwanza huzichora kwa penseli kwenye kitambaa, ndipo ashone. Sasa mkono unatetemeka. Kushona bado anaweza akiegemeza kiwiko, lakini kuchora hawezi tena. Nyota moja inatoka nene, nyingine kama imekanyagwa. Siku moja nilimkuta amechora akafuta, akachora akafuta, mpaka kitambaa cheupe kimekuwa kijivu. Nikamwambia nitazipanga kwenye kompyuta, nizichape, kisha niweke kitambaa juu ya karatasi nimpitishie penseli mwenyewe.

Zikapita siku mbili. Halafu akasema, bila kunitazama, "Haya. Lakini nyota za mamangu usizitie kitu. Hata doa. Ukitia chako, mie naweka sindano chini, na ndo mwisho wake."

Mama, nilidhani ni kazi ndogo. Nilipiga picha kofia yake ya zamani, nikachora nyota moja juu ya ile picha, nikainakili, nikazipanga ncha kwa ncha. Kwenye kioo zilipendeza. Kuchapa, lahaula! Hapa nyota mbili zimepandana, pale kuna ufa mwembamba kama unywele. Nilikuwa nazisogeza kwa macho tu. Kaka Hamadi akacheka, "Jicho linadanganya, yakhe. Ipe namba." Akanionyesha kutandaza viraba kama vya daftari la hesabu, kila nyota ikae kwenye viraba kamili bila mabaki, na kuwasha ile amri inayofanya nyota ikikaribia mstari inaswe yenyewe kama kwa sumaku. Nikaanza upya.

Nikachapa tena kwenye karatasi mbili, nikaziunga kwa gundi, na hazikutosha kuzunguka kichwa cha mtu. Printa ilikuwa imeipunguza picha ili ienee kwenye karatasi, wala haikuniambia. Nililia kidogo, si uongo. Rukia naye akalia, tukawa wawili. Nikaiamuru ichape kwa kipimo kile kile nilichokipanga, nikaunga, nikaizungusha kwenye kisufuria tunachovishia kofia zikitiwa uwanga ili zikakamae. Nyota ya mwisho ikaishika ya kwanza. Nilikigeuza kile kisufuria nikitafuta pale nilipoanzia, nisipaone. Mimi niliyeipanga, Mama, nikapotea ndani yake.

Nikampelekea Bi Mize nikitaraji dua. Akaisogeza karatasi karibu na macho. Kisha:

"Hizi karafuu umezitoa wapi?"

"Karafuu gani, Bi?"

"Mie ndo n'nakuuliza! Hino hapa, na hino, na hino. Vichwa vya karafuu tele. N'likwambia nini? Mshataka kuwauzia watalii kofia za karafuu, siyo?"

Nikatazama, na wallahi zilikuwapo. Kati ya kila nyota nne, pale nisipochora kitu, karatasi tupu ilikuwa na umbo la kichwa cha karafuu, na vile vipembe vyake vinne. Nimezipanga nyota zile kwa wiki nzima, sikuwahi kutazama palipobaki.

Nikamwapia kuwa sikutia kitu. Hakuniamini, akafunga mlango wa chumba chake. Asubuhi nilibisha nikamwambia, "Bi, utakuja nami dukani uone kwa macho yako, au utaniita mwongo mbele ya mjukuu wako?" Akavaa buibui.

Nikamketisha mbele ya kompyuta. Nikaziachanisha nyota kidogo tu. Karafuu zote zikavunjika. Nikazirejesha ncha kwa ncha. Zote zikarudi kwa pamoja.

"Ziachanishe."

Nikaziachanisha.

"Zirejeshe."

Kaka Hamadi akatia neno, "Bi Mize, wateja wangojea."

"Nyamaza weye, n'natazama."

Akatoa kofia ya zamani mkobani, akapitisha kidole kati ya nyota. Zilikuwamo, zingine zimepinda, zingine nusu zimezibwa na uzi. "Subhanallah," akasema, sauti ndogo kuliko ya Rukia. "Mamangu kafa hajaziona."

Akairudisha kofia mkobani. Mwisho akamgeukia Kaka Hamadi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anakataa. "Chapa. Na wote watakaozishona baada yangu waambiwe: hapo katikati pasitiwe uzi. Aliyezitia karafuu hakutumia sindano."

Kwa hiyo, Mama, nakuomba kwa adabu, na sitanii: usimwite tena "yule mwanamke." Ana jina.

Nisalimie Mama Mdogo, na Baba Mkubwa wa kule shambani, na jirani anayekuchotea maji goti likikaza. Huyo mwombee kwa niaba yangu. Kaka Omari mwambie mpwa wake ameanza kutambaa. Mume wangu Faki, mkweo, anakuamkia shikamoo.

Barua anakuletea shemeji yangu anayevuka kuja huko Tanga. Nimekunja karatasi moja ya nyota humu ndani. Ishike kwenye mwanga wa dirisha, Mama, na mistari usiijali. Tazama palipobaki peupe.

Wako niliyetoka tumboni mwako,
Zaina, mama Rukia