Kwa Baba Gaspard, Fundi Mwashi Aliyeanza Shule Akiwa na Miaka Arobaini na Minne

Leo umetimia mwaka, Baba Gaspard, tangu ulipopigwa risasi kwenye kizuizi cha barabara karibu na Sange. Tunakuandikia sisi watu wa nyumba yako ya Kimanga, Uvira, na wengine wasikie, kwa sababu mengi yamesemwa juu yako nawe hupo kujibu.

Uliupima ukuta kwa jicho kabla ya kushusha timazi. Uliosha chokaa mikononi kabla ya kumgusa mtoto. Chai uliinywa ukiwa umesimama, hata nyumbani, kana kwamba kazi ingekukimbia.

Mwaka wa uhuru, mkubwa wenu wa kazi, Mbelgiji, aliondoka asubuhi moja na kuiacha nyumba ya walimu kule Kiringye imefika madirishani. Ramani aliiacha juu ya mbao. Mafundi saba mliizunguka ile karatasi, mkaigeuza juu chini, mkakaa. Ulirudi nyumbani na hasira ambayo hatukuwahi kuiona kwako.

"Miaka makumi mbili najenga," ulimwambia mama, "na leo karatasi inanishinda!"

Mimi Émérance, binti yako, nilikuwa nasomea ualimu. Nilikupeleka kwenye darasa la watu wazima la parokia, saa kumi alasiri, ukitoka kazini. Rafiki yako Thaddée alikungoja njiani akuchokoze.

"Weye Gaspard, mwalimu amekuchapa leo?"

"Kidogo tu. Na ule ukuta yako ya jana iko inalala upande, nani ataichapa?"

Kalamu uliishika kama mwiko. Herufi zako zilikuwa nene, zimepangwa kama matofali. Miaka miwili ulikosa siku moja tu, ya maziko ya bibi. Ukajifunza ramani, ukarudi Kiringye, ukaimaliza ile nyumba. Ukaanza kusoma barua zako mwenyewe, ukaacha kuinamisha kichwa mbele ya makarani. Thaddée naye akanunua daftari, akakufuata, na uchokozi ukaisha.

Kisha uasi ukaingia Uvira. Waliosoma walitafutwa nyumba kwa nyumba wauawe. Mama aliificha diploma yangu ndani ya gunia la unga wa muhogo, tukapanda nalo lori kwenda kwa mjomba. Karibu na Sange tulisimamishwa. Mkubwa wa wapiganaji alikuwa na barua mkononi, na karani wake alikuwa ametoroka.

"Nani hapa anajua kusoma?"

Alitupitia kwa macho, mmoja mmoja.

"Hakuna? Basi wote mushuke. Na mizigo yote ifunguliwe."

Nilianza kuinuka. Mkono wako ukanikandamiza goti.

"Minye," ulisema, ukijigusa kifua. "Minye najua kidogo."

Ulisoma ukifuata mistari kwa kidole, polepole, bila kuruka neno. Ilikuwa barua ya kuomba chumvi na mafuta. Lori liliruhusiwa kuondoka. Wewe ukabakizwa uwe karani wao.

Majuma kumi na moja uliandika karatasi za njia, za kuwapitisha watu vizuizini. Ukiamriwa kumwandikia mtu mmoja, uliongeza chini: "na watu wa nyumba yake." Consolate, jirani yetu, alipita na watoto wake wanne kwa maneno hayo. Alipofika kwa mjomba alituonyesha karatasi. "Nilijua ni mukono ya Gaspard," alisema. "Herufi iko kama tofali." Siku walipompata msomaji mwingine, alizisoma karatasi zako, akayakuta maneno uliyoongeza. Hilo ndilo kosa lililokuua, na hakuna jingine.

Jumamosi hii tunamaliza kilio. Baba mkubwa Antoine, kaka yako, amesema kasiksi, pombe ya ndizi, haitanywewa mpaka nipige magoti mbele ya wazee, kibuyu mkononi, niombe radhi kwa kukupeleka darasani. "Ungemuacha na mwiko yake, angekuwa muzima," aliniambia mbele ya watu. "Na weye mwenye diploma, sababu gani ulikaa?"

Nilikaa kwa sababu uzito wa mkono wako ulinikalisha. Bado nausikia gotini. Lakini bila lile darasa, lile gunia lingefunguliwa, na Consolate asingepita.

Wanakukumbuka mkeo Pétronille, ambaye sasa anakwenda darasani saa kumi, kwenye benchi lako. Watoto wako Émérance, Ildephonse na Agnès. Rafiki yako Thaddée, aliyefika daftari la tatu. Consolate na watoto wake wote wanne. Baba, hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Jumamosi nitakibeba kibuyu. Nitakiweka mbele ya baba mkubwa kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha kuwaheshimu wakubwa, kisha nitabaki nimesimama. Radhi siombi.