Mpelelezi Asiye na Utepe

Salto, Jumapili

Dada yangu Graciela,

Sisi hatujambo, na machungwa yameanza kuiva. Kitabu ulichotuma kutoka Hispania kilifika. Yamila wangu amekisoma mara nne, maana yule mpelelezi ni mtoto mwenye usonji kama yeye, na kila fumbo analitegua mwenyewe.

Jumatatu kengele ya shule haikulia. Mtu alikuwa ameufunga ulimi wa kengele kwa utepe wa buluu, ule wanaovaa watoto wote shingoni. Mwalimu akauliza ni nani. Wenzake Yamila wakasema, "Si umuulize mpelelezi wetu." Yamila akasimama, akakagua shingo za darasa zima, moja moja, mwisho akagusa yake.

"Nyote mna tepe. Mimi sina. Basi ni mimi. Ile kengele inaniumiza masikio."

Walicheka, mwalimu naye akacheka. Nilipoitwa shuleni nilimwambia mwanangu aombe radhi, akaomba. Kisha nikamwomba mwalimu kengele ipigwe taratibu. Alisema atafikiria.

Ila kitabuni, fumbo likishateguliwa, wenzake humkalisha mpelelezi katikati yao. Yamila alilingoja hilo wiki nzima. Ijumaa akaniuliza, "Mama, nilikosea wapi? Mbona jibu lilikuwa sahihi?" Nikamfunga utepe mpya.

Ukipata kitabu kingine, dada, tafuta chenye mtoto kama wetu ambaye hategui chochote, na bado mtu anakuja kukaa naye.

Mdogo wako,
Maricel