Zabibu za Mwaka Huu Si za Mwaka Jana

Kwako Salma, mjukuu wangu, huko uliko Ufaransa,

Huna adabu. Naanza na hilo maana ndilo lililonikaa kooni tangu Mfungo Mosi. Mtu mzima akikukatia simu, weye mdogo ndiye wa kupiga tena, si kununa miezi mitatu kama mke aliyerudi kwao. Najua nilichokisema siku ile. Nilisema usiikanyage nyumba yangu na mikono hiyo. Sasa kaka yako Nasri anaoa, na ananiambia huji harusini kwa kuwa Bibi kakufukuza. Nyumba nzima wananitazama mimi.

Lakini kosa la mwanzo ni lako. Miaka miwili waniambia, "Nafanya kazi kwenye zabibu, Bibi," na hukuongeza neno. Waarabu wametenganisha, mbichi ina jina lake na kavu lake. Sisi zote zabibu, na kwangu mie zabibu ni zile kavu za kutia kwenye biriani. Basi nikajitapa. Nilikwenda khitma mtaa wa Hamriya, nikawaambia wanawake wenzangu kuwa mjukuu wangu ndiye anayekagua zabibu za Wafaransa, na harusi ya Nasri ataleta gunia zima. Binti wa Bi Zuwena, aliyesoma huko huko, akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. "Bibi," akasema, "zabibu za kule hazianikwi. Zinakamuliwa." Nikarudi nyumbani nikakupigia, nawe hukukana. Ukasema ni mvinyo, Bibi, mvinyo mwekundu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Siku ile sikutaka kusikia zaidi. Lakini ile sauti uliyoirikodi ukamtumia Nasri anisikilizishe, nimeisikiliza mara nyingi kuliko anavyojua yeye.

Wasema shamba ni moja, mwenyewe mzee yule yule, mizabibu ile ile aliyoipanda babake. Na bado mwaka mmoja mvinyo unatoka watu wanaugombania, mwaka wa pili unatoka mwepesi, hauna kitu. Mwaka ule umande uliganda mwezi wa nne ukaunguza machipukizi. Mwaka mwengine mvua ikanyesha wiki ya kuchuma, zabibu zikanywa maji zikapwaya. Likaja jua kali, zikaiva zikazidi utamu, watu wakasema huu ndio mwaka, na mzee mwenyewe akatikisa kichwa akasema moto umepita kiasi. Ndiyo maana chupa huandikwa mwaka. Anayejua haulizi tu la nani shamba, huuliza mvinyo wa mwaka gani. Na kazi yako weye ni kupima udongo na mvua, na zabibu zingali mtini. Huonji.

Hapo ndipo nnapopotea. Chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, tulisomeshwa kuwa anayelaaniwa kwa ulevi si mnywaji peke yake, hata mkamuaji yumo, hata mbebaji. Mpimaji sikumsikia. Nilitaka kumuuliza shekhe, nikaona haya. Nitamwambia mjukuu wangu anapima nini? Jua?

Na linalonichanganya khasa ni kuwa swali hilo nalijua. Ulilianza jikoni kwangu.

Ulikuwa darasa la pili. Tulikwenda soko la Mawaleh kutafuta embe mbichi za achari, mie nazibonyeza moja moja, weye umebeba mfuko mkubwa kuliko weye. Achari ya mwaka ule ilikuwa nzuri hata majirani wakaja na vibakuli. Mwaka wa pili ikatoka chachu, imelegea. Ukanisimamia mbele: "Bibi, mkono ule ule, chungu kile kile, pilipili ile ile. Mbona hii mbaya?" Nikakwambia wacha ujuba, kula. Ukenda ukachukua daftari la skuli ukaandika embe zimetoka wapi, zimekaa juani siku ngapi, mvuke wa bahari ulikuwaje juma lile. Nikakupiga kofi la mgongo kwa kulitia daftari mafuta. Hukuacha. Miaka mitano uliandika, na kila chupa ukaibandika karatasi ya mwaka wake. Wageni wakiuliza, nilijifanya nimechoka na weye. Uwongo. Nilikuwa nikiwaonyesha zile karatasi.

Basi nimlaumu nani? Skuli? Embe?

Mie nimezaa sita, tumbo moja, baba mmoja. Mama yako nilimbeba mwaka tuliohamia huku Muscat, sijui jirani wala njia ya sokoni, akatoka mwoga wa watu mpaka leo. Anayemfuatia nilimbeba nshatulia, akatoka wa kucheka tu. Sikupata kujiuliza kwa nini. Nikiisikiliza sauti yako naona kama ndilo hilo waniambia, nafurahi, halafu nakumbuka ni habari ya ulevi, narudi nyuma. Nimekwenda na kurudi hivyo mpaka nimechoka.

Usije ukamwambia mtu Bibi kakubali. Sijakubali. Wala sijui kama nimekataa. Umri huu sikuzoea kutojua, nami sikupendi kwa kunifikisha hapa. Lakini mikono ile niliyoitaja niliiosha mie, ungali huwezi kushika kijiko, na neno lile halikuwa langu la siku zote. Lilikuwa la siku ile.

Kata tiketi wiki hii. Ukifika, usishukie kwa shangazi yako kule Bustan ukakaa huko kunipima nimepoa au bado. Uje kwangu moja kwa moja. Hayo ya halali na haramu tutagombana uso kwa uso, harusi ishakwisha. Na leo, ukimaliza kusoma hapa, nipigie. Mie, si Nasri. Na weye ndiye wa kuamkia kwanza.

Ni mie, Bibi yako
Muscat