Nyuki wa Wifi Wanavuma, Wangu Wanatambaa

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo familia nzima tunakwenda kwa wifi yangu kurina asali, na mimi nina jambo moyoni ambalo nikilitenda sijui kama nitaweza tena kumtazama usoni.

Tulianza kufuga nyuki pamoja, mizinga ikitengenezwa na fundi mmoja, lakini leo nyuki wangu wanatambaa mlangoni mabawa yamekunjamana, utitiri wa varoa umewanyonya tangu wakiwa majana, watoto wasioota mabawa, na wa kwake wanavuma mpaka inakuwa kero, naye anasema siri ni vyumba vya masega, eti aliwawekea karatasi za nta zilizopigwa chapa ya vyumba vidogo, majana wanakomaa upesi na utitiri unakosa nafasi ya kuzaana, na mume wangu ndiye wa kwanza kuamini, tukikaa mezani ni dada hivi, dada vile, juzi akachukua rula akapima sega langu mbele ya mama mkwe akasema, "Unaona mke wangu, vyako vikubwa mno, ungemsikiliza dada," nami nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari.

Nina wivu, mshauri, sifichi. Wifi mwenyewe aliniletea furushi la hizo karatasi akasema, "Chukua wifi, tugawane," nikacheka kwa meno tu, na hadi leo liko stoo juu ya kabati sijalifungua. Wala si kwamba ana ujuzi wa ajabu, muda wake anaumalizia kwenye vituko, mara anakata masega ya nyuki dume anawatupia kuku, mara anatia nyuki kwenye chupa yenye sukari ya unga anawatikisa kama mtu anayetaka kuoka keki, kisha anahesabu utitiri uliodondoka, hata kikao cha harusi ya mdogo wao alifika kikiisha, ananuka moshi.

Sasa nimelitia alama ya chaki sega moja lililojaa utitiri, na Jumamosi, watu wakiwa wamejifunika nyavu usoni, nataka nilipachike kwenye mzinga wake mkubwa, nione hivyo vyumba vidogo vitamsaidia nini. Nikifanya hivyo nitatulia?

Ni mimi, Mke Asiyesifiwa.

JIBU

Mke Asiyesifiwa, hutatulia. Utakuwa na mizinga ya watu wawili ya kuililia, yako na yake.

Pole kwanza. Mume anayempima mkewe kwa rula mbele ya mama yake anastahili kuambiwa, na umwambie mkiwa wawili: akitaka kusaidia ashike bomba la kufukizia nyuki moshi. Hilo ni lake. Lako ni hilo sega la chaki. Unataka kuua nyuki wasiokukosea, wa mtu aliyekuja kwako na furushi mkononi, halafu ukae naye mezani ule asali yake? Acha hizo.

Tena barua nzima umelilia vyumba, na jibu umeliandika mwenyewe ukidhani unasengenya. Kuhusu vyumba vidogo wafugaji bado wanabishana, na wapo waliopima wakakuta utitiri ni ule ule. Lakini utitiri hupenda majana wa nyuki dume kuliko wengine, na hao wifi yako anawapa kuku. Anahesabu, kwa hiyo ukizidi anajua mapema. Wewe umehesabu lini? Labda na yeye anaamini ni nta tu. Mwache na nta yake, wewe iga mikono yake.

Leo hii toa sega hilo, kung'uta nyuki, lichome. Muulize afisa wa nyuki dawa inayofaa kwa mizinga yako. Furushi lishushe, ila usiweke karatasi zote kwa mpigo, maana nyuki waliozoea vyumba vikubwa hujenga hovyo.

Jumamosi nenda na chupa tupu na sukari ya unga. Kabla mumeo hajafungua mdomo, mwambie wifi, "Wangu wanakufa. Nionyeshe unavyohesabu." Itakuuma kuisema. Iseme hivyo hivyo, maana alipokuja na lile furushi, alikuwa anakufungulia mlango wa kumwambia hilo.