Mume Wangu Anapiga Picha Miguu ya Jovitha

Mpendwa Mama Zamda, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo baya kuliko nililokwisha kufanya. Mimi na mume wangu Robert tuna duka la viatu vya kike Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na kwa miaka kumi na mbili miguu iliyoonekana kwenye picha zote za duka ilikuwa yangu, sampo, yaani viatu vya mfano, zikifunguliwa mimi navaa, Robert anapiga magoti na simu yake anasema, "Geuza kidogo, hapo hapo," na wateja wakiuliza ni miguu ya nani anajibu kwa madaha kwamba ni ya mke wake. Sampo zote huja namba 37 na mimi navaa 39, lakini nilijibana, nikashinda nazo nimesimama kwenye sakafu ya saruji, mpaka mfupa wa kidole gumba ukatokeza nundu nyekundu, kidole chenyewe kikavilalia vingine na cha pili kikajikunja. Mwaka jana Robert akamwajiri Jovitha, msichana wa miaka ishirini na mbili, mguu wake namba 37 kamili, na sasa anayepigiwa magoti ni yeye, na maneno ni yale yale, "Geuza kidogo, hapo hapo." Mama, wivu unaniunguza, nimepekua simu ya mume wangu sikukuta kitu ila miguu, miguu, miguu.

Wiki tatu zilizopita Robert aliniletea nyumbani viatu vya kamba, vipana, namba 40, vya bibi kabisa, nikaona ananitukana, nikavisukumia uvunguni. Kesho yake nikampa Jovitha viatu vya ncha kali avivae dukani kila siku, namba 36, stika ya namba nimeibandua. Akasema, "Mama, vinanibana." Nikamjibu, "Vaa tu, vitatanuka." Jana nilimwona anachechemea nikafurahi, halafu nikaingia stoo nikalia. Kuhusu nundu, soli za viatu vyangu huliwa upande wa ndani, na marehemu mama yangu alikuwa na nundu hiyo hiyo bila hata kuuza viatu. Niambie ukweli, Robert bado ananitaka?

Severa, Kata ya Gerezani

Marahaba Severa. Pole, nundu ile inauma, naijua. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimetamani nikuvute sikio. Binti wa watu amekuja kuuza viatu, wewe unamvisha adhabu! Kesho, kabla hamjafungua duka, mvue viatu hivyo, mwambie ulichofanya na umwombe radhi. Usiisingizie stika.

Sasa mguu wako. Mama yako hakuvaa sampo na bado alipata nundu, basi huenda umerithi umbo la unyayo wake. Soli kuliwa kwa ndani huonyesha kwamba ukitembea mguu unalalia upande huo, labda unyayo ni bapa, na kila hatua uzito unakielemea kidole gumba na kukisukuma kwa wenzake. Hilo si kosa lako. Namba 37 umejiongezea mwenyewe, tena miaka kumi na mbili. Nenda hospitali daktari wa mifupa akutazame unavyotembea, huenda ukahitaji tegemeo la unyayo ndani ya kiatu. Mfupa uliopinda haurudi kwa kuchua wala kwa vidude vya mtandaoni, ila maumivu hupungua ukivaa kiatu chenye nafasi. Na weka stuli hapo dukani, ukae.

Umepekua simu ya muuza viatu ukakuta miguu. Ulitarajia ukute nini? Mwanaume anayeshinda na viatu vya ncha alikwenda kutafuta kiatu kipana, akazidisha namba moja ili nundu ipate pa kukaa. Alikosea kutokukuambia neno, na hilo nalo mlizungumze. Lakini mguu wako aliutazama vizuri kuliko ulivyoutazama wewe. Vitoe uvunguni leo hii. Robert akirudi, mwambie apige magoti akufunge kamba.