Dada Hataki Kompyuta za Kaunta Ziguswe, Nami Nimeshajua Sababu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kama maneno yatakuwa mengi, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu na nikianza kulisema linatoka lote kwa pamoja.

Mimi na dada yangu mkubwa tuna duka la vitambaa, tunauza mapazia, bitana, zipu, vifungo na nyuzi, na kuna kaunta mbili, kila kaunta na kompyuta yake ya kupigia mauzo, na tangu tufungue hatujawahi kuzibadilishia mfumo, mpaka mwaka huu fundi wa kompyuta alipokuja akatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, waliotengeneza mfumo huu wameshaachana nao. Mwizi wa mtandaoni akipata upenyo, hakuna tena wa kuuziba." Tukadhani anajitafutia kazi, lakini haukupita muda kompyuta ya kaunta moja ikaingia virusi, ikaganda Jumamosi duka likiwa limejaa, wateja wakaacha vitambaa vilivyokwisha kukatwa wakaenda zao, na benki nayo ikatuarifu kwamba mwisho wa mwezi huu mashine zenye mfumo wa zamani hazitapokea tena malipo ya kadi.

Mimi nikakubali tubadilishe, dada akakataa katakata. Akasema, "Hii mashine inanijua nami naijua. Ukiiondoa, niondoe na mimi." Nikaona ni ubishi tu, maana dada ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyenifundisha kushika mkasi, na tumezoea kwamba neno lake ndilo la mwisho, lakini safari hii nikamwita fundi aweke mfumo mpya kwenye ile kaunta iliyoharibika, ili dada ajaribu kidogo kidogo. Asubuhi nikamwelekeza, akafuata vizuri, hata akacheka kwamba ni rahisi kuliko alivyodhani. Baada ya chakula cha mchana akasimama mbele ya kioo kilekile akaniuliza, "Hii inafunguliwa wapi?" Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa, mpaka nikamfokea mbele ya wateja, "Dada, unanifanyia kusudi?" Akarudi kwenye mashine yake ya zamani, na pale, mshauri, vidole vinakwenda vyenyewe, hakosei hata zipu moja.

Basi wiki iliyopita alimuuzia mama mmoja kitambaa cha pazia, wakaongea habari za madirisha yake, akampa risiti, wakaagana. Yule mama akafika mlangoni akakumbuka mwavuli wake, akarudi. Dada akamtazama kwa tabasamu akamwambia, "Karibu, nikusaidie nini?" Mteja akacheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Tulipokuwa tunafunga duka dada akaniambia, bila kunitazama, "Usiwaambie watu." Nikamuuliza nisiwaambie nini. Akasema, "Hicho ulichokiona."

Tangu siku hiyo nimemwambia fundi asubiri kwanza, naye sasa anaona mbishi ni mimi, na mwanawe dada, anayefanya kazi mbali, akipiga simu tunamjibu kwamba sote ni wazima. Nikibadilisha mashine, dada ataumbuka mbele ya kila mtu, na nisipobadilisha tunahatarisha kadi za watu na biashara yenyewe. Nifanye nini?

Mdogo wake, dukani

JIBU

Pole sana, mdogo wake. Nimekuonea huruma, ila nitakugombeza pia.

Kabla ya kuandika nilipiga namba uliyoiweka kwenye barua. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya upole, akasema mdogo wake ametoka, atamwambia kwamba amepigiwa. Sikumweleza mimi ni nani. Kama ujumbe huo hukuupata, basi unajua kwa nini sikungoja zaidi kukujibu.

Mambo haya ni mawili, nawe umeyafunga fundo moja. La mashine halina mjadala. Mteja anayekupa kadi yake amekuamini, hajui kwamba anaiingiza kwenye nyumba isiyo na komeo. Mwite fundi kesho, mwombe radhi, amalize kazi kabla ya mwezi kwisha. Hadi hapo ile ya zamani itolewe kwenye mtandao, na kaunta hiyo ipokee taslimu tu. Mwambie fundi apange vitufe vya mfumo mpya vifanane na vya zamani kadiri inavyowezekana. Itamsaidia dada yako kidogo, lakini usitegemee imtibu.

La pili ndilo linalokutisha, ndiyo maana umeng'ang'ania la kwanza. Unadhani unamsitiri dada kwa kumwachia mashine mbovu, kumbe unamcheleweshea matibabu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa mfichaji ni wewe. Kusahau kwa namna hiyo kuna sababu nyingi. Inaweza kuwa upungufu fulani mwilini, tezi ya shingoni, dawa anazomeza, au huzuni, na hizo mara nyingi hutibika. Zipo zisizopona, lakini zikijulikana mapema familia hujipanga. Wewe hujui ni ipi, mimi sijui, na fundi wa kompyuta ndiye hajui kabisa.

Aliyekuambia "usiwaambie watu" anajua kinachompata, na pengine amekaa na hofu hiyo peke yake tangu zamani. Wewe ukamfokea kauntani. Mwombe msamaha mkiwa wawili tu, kisha umweleze waziwazi ulichokiona, na umuulize nani aambiwe. Daktari hahesabiki katika hao "watu". Mwanawe naye lazima ajue, ila dada ampe habari mwenyewe, simu ikiwa mkononi mwake na wewe ukiwa kando.

Usimwondoe dukani. Mpe meza ya kukatia vitambaa, kazi aliyokufundisha yeye, na wewe ukae kwenye kompyuta. Wateja wataona mmebadilishana nafasi, basi.

Hospitali nendeni wiki hii, asubuhi, kabla hajachoka. Na mkiitwa, ingia naye ndani kwa daktari. Usibaki nje kwenye benchi.