Namba za Motere Zenye Nilifunika na Rangi

Bukavu, Cimpunda

Papa yangu,

Ninakusalimia wewe na maman na wote wa kwetu Sange. Mugongo wako unaendelea namna gani? Maman Zawadi, mwenye analeta muchele wake huku sokoni Kadutu, aliniambia ulirudia kazi yako kwa moulin ya kukoboa muchele, tena alikukuta unapiga kelele juu ya mukanda wenye walifunga vibaya. Niliposikia ile kelele nikajua uko muzima. Na maman, muguu wake ulipunguka kuvimba? Sisi huku tuko. Mutoto wangu Asifiwe alipona kikohozi, anakula vizuri, na sasa anajua kuhesabu mpaka kumi kwa Kifaransa. Ila saba anairuka kila siku, sijui ilimukosea nini.

Ninaandika juu mambo yangu ni marefu, na telefone yako bado imekufa, na ile ya jirani, ukianza kuongea tu, avenue nzima inanyamaza kusikiliza. Maman Zawadi atakupa barua hii kwa mukono. Uisome pole pole, halafu umusomee maman.

Mwezi uliopita ulisikia kazi yangu inatikisika, ukanitumia neno, kama kazi imeisha nichukue mutoto, tupande gari, turudi nyumbani. Nilisikia. Sikukujibu mbio na ninajua ilikuuma. Lakini siku ile hata mimi sikujua kama kazi iko ao imeisha. Sasa acha nikuelezee.

Unajua masere, wale watawa wanawake, walinipokea kwa nyumba yao ya wageni, kule chini karibu na ziwa, wakanipa miezi tatu ya kunijaribu. Asifiwe anashinda na watoto wa masomo yao ya wadogo, mimi niko kwa bustani. Ninafagia, ninamwangia maua maji, na zaidi ninakata majani na mashini. Iko na magurudumu ine, unaisukuma mbele yako kama pusipusi, kisu kinazunguka chini, na motere inakaa juu. Wanaiita tondeuse. Mbele yangu ilikuwa ya Muzee Cirhuza, lakini kiuno kilimukatala, akaacha kazi. Siku ya kwanza wamaman wa jikoni walitoka kuniangalia. "Huyu mwembamba hivi atavuta ile kamba?" Nikavuta mara moja, ikawaka, wakarudi kwa masufuria yao. Hawakujua nilikomalia kando ya motere ya moulin yako, na wewe unanifundisha kusikiliza kwanza mbele ya kugusa.

Papa, kilichoniharibia ni roho nzuri. Masere Mukubwa alikuwa anafanya jubile ya miaka makumi mbili na tano katika utawa. Na huku, kama kuko jubile, kila kitu lazima kipakwe: mawe ya kando ya njia chokaa, miti chokaa mpaka kwa magoti, mulango mukubwa wa chuma rangi ya kijani. Ile ya kijani ikabaki nusu ya kopo. Masere Ekonome, ule mwenye anashika funguo na matumizi ya nyumba, akanipa. "Nabintu, na tondeuse yako ipendeze pia."

Nilipaka na moyo wote. Nikapaka bati ya chini, nikapaka magurudumu, nikapaka kifuniko cha motere, mpaka vichwa vya visi zenye zinakifunga. Ikakauka, nikarudilia. Ikakauka, nikarudilia tena. Siku ya jubile wageni waliuliza kama ilinunuliwa mupya. Nilikuwa ninaisukuma kama mutu anasindikiza bibi-harusi.

Majuma mbili nyuma yake ikaanza kuugua. Inawaka, inakohoa, inazimika. Nikabadilisha esansi, yale mafuta ya motere. Nikasafisha buji, yenye inawasha moto ndani, na brosi kama ulivyonionyesha. Nikapiga vumbi kwa filtre ya hewa. Bado. Nikafungua kabirateri, kile kifaa kinachopima esansi inayoingia ndani ya motere, na mule nikakuta kangozi kembamba ka mupira kamekauka, kamepasuka kama ngozi ya maharagi. Nikafurahi kabisa. Nikasema ugonjwa nimeuona, ni kununua kabirateri ingine tu, dawa iko Kadutu.

Masere Ekonome akaniambia, "Wageni wa mafungo wanafika siku ya sita ya juma hili. Kama mashini haijapona, nitaita wanaume wa kufyeka na coupe-coupe, hizi panga. Na kama mashini haiko, Nabintu, sijui kazi yako itakuwa gani." Hakusema na hasira. Kama angekuwa na hasira ningeogopa kidogo tu.

Kadutu nilienda kwa Papa Deo, mwenye anauzisha vyombo vya pikipiki na vya motere ndogo, amevitundika mpaka juu ya kichwa chake.

"Ninataka kabirateri."

"Ya nini, maman?"

"Ya tondeuse."

"Tondeuse gani?"

"Ya kijani."

Wale wanaume wenye walikaa pale kuzungumuza wakacheka. Mumoja akasema, "Deo, na mimi umutafutie bibi yangu dawa. Anavaa kitambaa cha bluu."

Papa Deo akawanyamazisha, akaniuliza jina. Nikakumbuka jina lenye lilikuwa limebandikwa ubavuni, kwa bati, mbele ya kupaka rangi. Nikamutajia. Akapanda juu ya kiti, akashusha kabirateri moja, nikaenda nayo mbio. Kufika, matundu ya visi hayakukutana. Ya mashini yako karibu karibu, ya kile kifaa yako mbali. Nikarudi nayo hata jasho halijakauka. Hakugombana, aliipokea tu.

"Ulinitajia jina ya koti," akasema. "Mutu mwenye kuvaa koti hukumutaja. Wale wenye jina lile wanatengeneza bati na magurudumu, lakini motere mara mingi wanainunua kwa wengine. Motere iko na namba zake, zimepigwa na nyundo ndani ya chuma. Moja ni ya modele, moja ni ya aina, moja ni ya siku ilitoka kiwandani. Uniletee zote tatu. Bila ile, mimi niko nabahatisha, na wewe unamaliza viatu."

"Ziko fasi gani?"

"Kwa kifuniko cha juu, karibu na buji."

Papa, umesikia? Kifuniko cha juu. Mara tatu nilikipaka.

Ile mangaribi Masere Ekonome akaniuliza tumefika wapi. Nikamujibu, "Muuzaji bado anatafuta." Ulikuwa uongo. Nilikula chakula changu na ule uongo, haukushuka.

Asubuhi yake nikachukua kisu ili nikwangue. Nikakwangua kidogo tu pembeni, nikaona chuma chenyewe kinaanza kung'aa, nikaacha. Ile namba haikupigwa sana, ningeimaliza pamoja na rangi. Nikawaza Muzee Cirhuza. Anakaa hapa Cimpunda, juu yetu kidogo, lakini sikukuwa nimeenda kwake hata siku moja, juu watu walisema anakasirika, eti mutoto mwanamuke alimunyang'anya mashini. Nikapanda kwake. Nikamukuta kwa mulango, yeye na bibi yake wanachambua maharagi. Nikamwelezea.

"Nani alipaka rangi?" akauliza.

"Ni mimi, muzee."

"Na kifuniko?"

"Na kifuniko."

"Visi hukupaka."

"Nilipaka, muzee."

Akacheka mpaka maharagi yakamwangika. "Miaka kumi na moja niliishika, sikuiogesha hata siku moja. Wewe miezi mbili tu, umeivalisha na kanzu."

"Uogeshe mashini namna gani," bibi yake akasema, "na wewe mwenyewe nilikuwa ninakusukuma kwa maji?"

Hakukuwa na hasira, Papa. Ni watu tu walisema. Aliniambia niache kisu. Nilowanishe kitambaa na esansi, fasi ya hewa, mbali na moto, nikilaze juu ya kifuniko, ningoje, nipanguse pole pole bila kusugua na nguvu, nirudilie mpaka rangi ilegee. Halafu nichukue unga wa muhogo mukavu, niupakaze, nipanguse juu na kiganja. Unga utabaki ndani ya mistari ya namba. "Na ukisoma," akasema, "usome mara mbili. Motere haisamehe namba moja."

Unga uko jikoni, na jikoni unaomba kwa Masere Ekonome. Njiani nikajua sitaweza kuomba unga na uongo mwingine. Nikamukuta anahesabu mashuka. Nikasema, "Masere, jana nilikudanganya. Muuzaji hatafuti kitu. Anangoja namba, na namba nilizifunika mimi na rangi."

Akaweka shuka chini. Nikaanza kuona kwa macho yangu gari ya Sange na vitu vyangu juu yake.

"Rangi alikupa nani?"

"Ni wewe, Masere."

"Basi tuko wawili," akasema. "Leta kitambaa. Unga nitaleta mimi."

Akakuja na sahani na miwani yake. Tukachuchumaa sisi wawili pale kwa majani marefu. Kwanza hakukutokea kitu, kijani tu kinachafuka. Mara ya tano ao ya sita nikapangusa unga, nikaona kamustari keupe, halafu duara, halafu namba nzima nzima, zimejipanga kama watoto wa masomo. Yeye anasoma, mimi ninaandika. Halafu mimi ninasoma, yeye anaangalia karatasi. Tulikuwa tumekosa moja, tukaitengeneza.

Papa Deo aliangalia ile karatasi, akaniambia, "Sasa unaongea." Ile namba ya mwisho inaonyesha mwaka. Motere yangu ilizaliwa miaka mbili mbele yangu, Papa, ni dada yangu mukubwa. Nikamwelezea kangozi kenye kalipasuka, hakushusha hata kabirateri. Alifungua kisanduku, akatosha kamufuko kadogo, ndani kangozi kapya na joints zake, zile za kuziba esansi isivuje. "Kabirateri yako ni nzima. Ni hii tu ilikufa. Ungenunua ile kubwa, ungekuwa umetupa bure."

Siku ya tano mangaribi nikakafunga kale kangozi. Visi zote nilizipanga juu ya kitambaa kama unavyofanya, hakuna hata moja ilibaki mukononi. Masere Ekonome alisimama kwa baraza, amejifanya anaangalia mawingu. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta. Ikakohoa. Nikavuta ya tatu, ikashika, nikainama kusikiliza, nikangoja ikohoe, haikukohoa. Nikakata majani ya chini yote, nikarudi nikakata ya juu. Nililia kidogo, lakini na ile kelele hakuna mwenye alisikia.

Wageni walifika siku ya sita, wakatembea na viatu mukononi juu ya majani. Siku ya kwanza ya juma, Masere Ekonome akaniita. Miezi ya kunijaribu haijaisha, lakini karatasi ya kazi ilikuwa juu ya meza, na fasi ya kutia sinye ya mukono wangu. Nikatia. Akanipa tena kaye moja ya kuandikia: niandike namba za kila mashini ya ile nyumba, pompe ya maji, groupe yenye inatoa umeme, zote, mbele mutu aikaribie na brosi ya rangi.

Papa, ninajua tangu baba ya Asifiwe alifariki, hulali vizuri ukiwaza sisi. Ninajua ulitaka sisi tuwe chini ya macho yako. Sikatali nyumba yako. Siku nilipofikiri kazi imeisha, ni kwako niliona, siyo fasi ingine. Lakini haikuisha. Noeli tutakuja, mimi na mutoto, tutalala siku tano, nitamukandia maman muguu, halafu tutapanda gari tena kurudi. Nikifika, unipokee kama mutoto mwenye amekuja kusalimia baba yake. Usiulize vitu vingine viko wapi. Viko huku.

Musalimie kaka yangu mukubwa kwa shamba ya muchele, na bibi yake mwenye anangoja mutoto. Musalimie shangazi wa kando ya kanisa, na katekista mwenye alinifundisha kuandika, umwambie makosa ya barua hii ni yangu, siyo yake. Na jirani wa telefone, umwambie sisi ni wazima, ile tu inatosha.

Mungu awalinde mpaka tuonane.

Mimi mutoto wako Nabintu, mama Asifiwe, mufanyakazi wa bustani na wa mashini kwa masere